Mazoezi Baada ya Kiharusi: Chumba cha Fiziotherapia, Kituo chenye Mashine au Simu ya Mkononi?

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka wodini, familia hukabidhiwa dawa za presha, tarehe ya kurudi kliniki na agizo fupi kwamba apelekwe mazoezi. Mara nyingi agizo hilo halisemi ni wapi, kwa muda gani wala kwa fedha ya nani. Zamani jibu lilikuwa moja tu, yaani chumba cha fiziotherapia cha hospitali iliyo karibu, kama kipo. Siku hizi, katika miji kama Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa, familia hiyo hiyo huelekezwa pia kwenye vituo binafsi vyenye mashine za kisasa, au kwa wataalamu wanaosimamia mazoezi kwa video ya simu. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya ndugu wanaouguza na kwa wataalamu wenzangu wanaoombwa ushauri, kwa sababu uchaguzi huu hauishii kwenye tiba. Unagusa haki ya mgonjwa ya kuambiwa ukweli, unagusa siri zake, na unaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima kabla mkono haujaanza kufunguka.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni faida iliyothibitishwa. Kiungo kilichopooza hakirudishwi na kifaa chenyewe wala na jina la kituo, bali na marudio mengi ya tendo halisi kama kusimama, kupiga hatua na kushika kikombe, chini ya jicho la mtu anayejua kusahihisha. Sehemu kubwa ya maendeleo hupatikana katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, ingawa mgonjwa anaweza kuendelea kupata nafuu hata baadaye. Mwaka 2023 taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo huandaa miongozo ya tiba, ilipendekeza mgonjwa wa kiharusi anayehitaji urejeshaji apewe angalau saa 3 za tiba kwa siku, kwa siku 5 za wiki, zikiwamo za mazoezi ya viungo, za shughuli za kila siku na za usemi. Wengi wetu tunapata saa moja mara tatu kwa wiki, na hiyo tunaihesabu bahati. Kwa hiyo, swali la kuuliza juu ya kila njia ni hili: fedha hii inanunua marudio mangapi, na nani anayaangalia?

Kigezo cha pili ni gharama yote, na hapa ndipo familia nyingi huumia. Bei inayotajwa ni ya kipindi kimoja, ilhali mzigo ni wa miezi. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: kipindi kimoja ni shilingi 20,000 za Tanzania na bajaji ya kwenda na kurudi ni 15,000. Kwa mara tatu kwa wiki katika wiki 12, mgonjwa atakwenda mara 36, na jumla itafika shilingi 1,260,000 kabla ya kuhesabu siku ambazo binti yake hakufungua genge ili amsindikize. Mtaalamu anayetaja 20,000 bila kuitaja hiyo milioni na ushee hajasema uongo, lakini hajampa mgonjwa taarifa inayotosha kuamua.

Kigezo cha tatu ni ridhaa na siri: je, mgonjwa ameelezwa akaelewa, anaweza kukataa bila kununiwa, na picha na taarifa zake zinakwenda wapi? Kiharusi mara nyingi huondoa usemi na kuacha akili, na kosa ninaloliona kila mara ni watu kujadili matibabu juu ya kichwa cha mgonjwa kana kwamba hayupo. Cha nne ni maslahi, yaani nani anapata kipato kutokana na ushauri unaotolewa. Cha mwisho ni hali ya mgonjwa mwenyewe, kwa maana njia inayomfaa mtu anayetembea kwa fimbo inaweza kumvunja nyonga mtu ambaye bado hawezi kukaa bila kuegemea.

Chumba cha fiziotherapia na mtaalamu anayefika nyumbani

Faida. Njia hii ina ushahidi mzuri kuliko sifa zake mitaani. Mwaka 2011 utafiti wa Marekani uitwao LEAPS, uliowahusisha wagonjwa 408, ulilinganisha mafunzo ya kutembea kwenye mashine yenye mkanda unaobeba uzito wa mwili na mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili yaliyosimamiwa na mtaalamu nyumbani kwa mgonjwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya washiriki walikuwa wamepanda kiwango cha uwezo wa kutembea, na mashine haikuonyesha ubora juu ya mazoezi ya nyumbani. Utafiti mwingine, EXCITE wa mwaka 2006, ulichukua wagonjwa 222 waliokwisha kupata nafuu kidogo ya kiganja, ukawavalisha glavu kwenye mkono usiopooza kwa wiki 2 ili walazimike kuutumia ule dhaifu, pamoja na mazoezi ya saa nyingi kila siku, na mkono ukaboreka kwa kiasi kilichopimika. Kifaa kikuu cha tiba hiyo ni glavu. Kilichobaki ni muda wa mtaalamu.

Ukitaka kujua mkono wa mtaalamu unafanya nini, mtazame mgonjwa akifundishwa kunyanyuka kwenye kiti. Mtaalamu huketi mbele yake kwenye kigoda, huirudisha miguu yake nyuma kidogo chini ya magoti, huweka kiganja juu ya goti dhaifu na kulisukuma taratibu kuelekea kwenye kisigino, kisha humwambia mgonjwa alete pua mbele ya vidole vya miguu ndipo anyanyuke. Goti likitaka kukunjika, kiganja hulihisi kabla jicho halijaona. Ndugu aliyebaki pembeni, kwa upendo mtupu, angemshika mgonjwa kwapani na kumvuta juu kwa mkono uliopooza, na hivyo ndivyo bega linavyolegea kwenye tundu lake na kuanza maumivu yanayodumu kwa miezi.

Gharama. Katika hospitali za umma ada kwa kawaida huwa nafuu, na kadi ya bima inaweza kuibeba sehemu yake, lakini nauli na foleni hubaki kwa familia. Mtaalamu anayefika nyumbani huondoa nauli ya mgonjwa na kumfundisha mahali anapoishi hasa, penye kizingiti cha choo na kitanda kile kile atakacholalia, ila bei yake kwa kipindi huwa juu na bima nyingi huwa hazimtambui.

Ridhaa, siri na maslahi. Tatizo kubwa la kimaadili hapa ni mgawanyo wa muda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo ingefaidika na huduma za urejeshaji, na kwamba katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa huduma hizo wasiofika 10 kwa kila watu milioni moja. Mtaalamu mmoja mwenye wagonjwa wengi asubuhi moja hulazimika kuchagua nani apate dakika 40 na nani apate 15. Akiligawa hilo kwa kigezo cha mahitaji na akasema waziwazi, ametenda haki. Akiligawa kwa kigezo cha nani ameahidi kumlipa jioni nyumbani, amevuka mpaka. Mtumishi wa hospitali kuwahamishia wagonjwa wake kwenye kazi yake binafsi ni jambo linalohitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hataweza kulikataa. Faragha nayo hutegemea pazia, na vyumba vingi havina pazia la kutosha.

Anayefaa zaidi. Njia hii inamfaa mgonjwa wa wiki za mwanzo, asiyeweza kukaa au kusimama peke yake, mwenye bega linalouma au aliyepoteza hisia, pamoja na familia inayohitaji kufundishwa namna ya kumbeba bila kumuumiza.

Kituo chenye mashine

Faida. Hapa inabidi kutenganisha mashine na mashine. Zile zinazomsaidia mgonjwa kupiga hatua akiwa amefungwa mkanda, zikiambatanishwa na fiziotherapia ya kawaida, zimeonekana katika mapitio ya tafiti kuongeza idadi ya wanaotembea bila msaada, hasa kwa walio katika miezi 3 ya mwanzo na ambao bado hawawezi kutembea. Hiyo ni faida ya kweli, na mtu asiidharau kwa kuwa tu ni ghali. Umeme mdogo unaochochea msuli wa mguu ili unyayo usiburuze nao una nafasi yake. Kwa upande wa mkono mambo ni tofauti. Utafiti wa RATULS uliochapishwa mwaka 2019, wenye washiriki 770 nchini Uingereza, uliwapa baadhi yao roboti ya mkono kwa dakika 45 mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, na haukuona ongezeko la maana la uwezo wa mkono kuliko huduma ya kawaida, wala thamani ya fedha iliyotumika. Nao mwanga wa joto na mawimbi ya sauti yanayopitishwa juu ya ngozi, ambavyo bado vinauzwa katika vituo vingi, havijengi tena njia ya ubongo kwenda kwenye kiungo. Dakika 20 chini ya taa ni dakika 20 ambazo mgonjwa hakufanya mazoezi.

Usalama wake pia una masharti. Mgonjwa mwenye kifaa cha moyo asiwekewe umeme bila daktari wake kujua, na mgonjwa asiyehisi joto upande mmoja anaweza kuungua ngozi chini ya taa bila kulalamika, kwa sababu hakuna kinachomuuma.

Gharama. Bei hapa ndiyo ya juu, na namna inavyolipwa inastahili kutazamwa kuliko kiasi chenyewe. Vituo vingi huuza vifurushi, tuseme vipindi 20 vya kulipia mwanzoni kwa punguzo. Punguzo ni jema, lakini kifurushi kinamfunga mgonjwa kabla ya kujua kama anapata nafuu, na familia ambayo imeshauza kiwanja ili kukilipia huwa haina tena moyo wa kusema basi.

Ridhaa, siri na maslahi. Mashine ikinunuliwa kwa mkopo, lazima ipate wagonjwa ili mkopo ulipwe. Mmiliki anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akajikuta anamwona kila mgonjwa kuwa anaihitaji. Zaidi ya hapo kuna kamisheni, pale daktari anayetoa rufaa anapopewa chochote na kituo anachoelekeza, na mgonjwa hana namna ya kujua kama ametumwa kwa faida yake au ya mwingine. Ninaamini kwamba mtaalamu mwenye hisa katika kituo anapaswa kumwambia mgonjwa hivyo kabla ya kumwandikia kipindi cha kwanza. Jambo jingine ni video za matangazo. Mgonjwa aliyefungwa mkanda, nguo imepanda juu ya goti, uso umepinda, hurekodiwa akipiga hatua ya kwanza, na jioni yupo mtandaoni akitazamwa na majirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, zote huziweka taarifa za afya katika kundi nyeti linalohitaji ulinzi wa ziada. Ridhaa inayoombwa wakati mtu ananing'inia kwenye mkanda, mbele ya watu wanaomshangilia, si ridhaa. Iombwe kabla, kwa maandishi, na kukataa kusibadilishe chochote katika huduma.

Kwa haki, vituo vyenye maadili vipo, na dalili yao ni kwamba hupima kabla ya kuuza, hutaja mashine ipi haimfai mgonjwa, na hukubali malipo ya kipindi kwa kipindi.

Anayefaa zaidi. Mgonjwa wa miezi ya mwanzo ambaye hawezi kutembea, ambaye familia yake inamudu gharama bila kukopa, na ambaye anaendelea pia na mazoezi ya ana kwa ana chini ya mtaalamu. Kwa mgonjwa mzito ambaye watu wawili hawawezi kumsimamisha salama, mashine inayobeba uzito inaweza kuwa njia pekee ya kumpa hatua za kutosha.

Mazoezi kwa simu

Faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 124 katika vituo 11 vya Marekani, nusu wakifanya mazoezi ya mkono kliniki na nusu nyumbani kwa kuunganishwa na mtaalamu kwa mtandao, kila mmoja akipangiwa vipindi 36 vya dakika 70. Walio nyumbani hawakuzidiwa na walio kliniki. Hata hivyo, kundi la nyumbani lilipewa vifaa, ratiba, na mtaalamu aliyewatokea kwenye kioo katika nusu ya vipindi hivyo. Kutumiwa video fupi tatu na kuambiwa ufanye asubuhi na jioni ni jambo jingine kabisa. Hilo tunalijua kutokana na utafiti wa ATTEND nchini India, uliochapishwa mwaka 2017, ambapo ndugu wa wagonjwa walifundishwa hospitalini kuendesha mazoezi nyumbani. Kati ya wagonjwa 1,250, waliofariki au waliobaki tegemezi baada ya miezi 6 walikuwa asilimia 47 katika kundi hilo, na asilimia 47 katika kundi la huduma ya kawaida. Kumkabidhi ndugu kazi ya mtaalamu, halafu kuiita njia nafuu, hakutoshi.

Gharama. Hakuna nauli, na bando la saa moja ya video ni fedha ndogo ukilinganisha na bajaji. Lakini inahitajika simu janja yenye kamera nzuri, mtandao usiokatika, na mtu wa kushika simu. Mara nyingi simu huegemezwa kwenye kopo la maziwa juu ya stuli, mtaalamu anamwona mgonjwa kuanzia kifuani kwenda juu, ilhali tatizo lipo kwenye kifundo cha mguu. Kabla ya kipindi cha kwanza, ndugu afundishwe pa kuiweka: kimo cha kiuno, hatua tatu kutoka kwa mgonjwa, mwanga ukitoka nyuma ya simu. Muhimu pia ni kuuliza bima mapema kama inalipia huduma ya mbali. Nchini Kenya, ambako mfuko wa bima ya afya wa SHIF chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii ulichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF mnamo Oktoba 2024 kwa makato ya asilimia 2.75 ya kipato, na nchini Tanzania, ambako Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, jibu lipatikane kwa maandishi badala ya kutegemea neno la mhudumu wa dirishani.

Ridhaa, siri na maslahi. Chumba kimoja chenye watu sita hakina siri, na mama mtu mzima hatakubali kueleza mbele ya wakwe zake kwamba anashindwa kuzuia mkojo. Mtaalamu aulize nani yupo chumbani kabla ya kuuliza lolote jingine. Rekodi za video zisibaki kwenye simu yake binafsi pamoja na picha za harusi. Siku hizi familia nyingi zina mtoto Muscat au London anayelipia na kuingia kwenye kipindi, na hilo ni msaada mkubwa, ila anayelipa hapati kwa kulipa haki ya kuona yote wala ya kumwamulia mzazi anayejiamulia. Usajili nao uthibitishwe. Kenya ina Baraza la Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na Tanzania Bara wataalamu wa afya shirikishi, wakiwamo wa fiziotherapia, husajiliwa chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtu anayefundisha kwenye skrini akiwa na koti jeupe anaweza kuwa na leseni au asiwe nayo, na skrini haitakuambia. Kuhusu programu zinazohesabu marudio kwa kamera bila mtu yeyote upande wa pili, swali langu ni moja: mgonjwa akianguka, nani anawajibika?

Anayefaa zaidi. Anayesimama na kutembea kwa usalama, aliyekwisha kupimwa ana kwa ana, mwenye ndugu makini nyumbani, na aliye mbali na mtaalamu.

Kuchagua kulingana na hali

Kama mgonjwa ana wiki chache tangu kiharusi na bado hakai wala kusimama peke yake, anzeni na mtaalamu ana kwa ana, hata kama ni mara mbili tu kwa wiki, na kila kipindi ndugu mmoja yule yule ahudhurie ajifunze kumnyanyua na kulinda bega. Kituo chenye mashine za kutembea kinaweza kuongezwa wakati huo ikiwa fedha ipo, na simu isubiri.

Kama anasimama lakini fedha ni ya miezi miwili tu, msiimalize yote mwanzoni. Mtaalamu anaweza kumwona mara moja kwa wiki, kumsimamia kwa simu siku mbili nyingine, na kumwachia daftari la marudio ya kila siku ambalo atalikagua. Mpango wa namna hii unaipa familia marudio mengi kwa fedha kidogo, na mimi ndio ninaoupendekeza mara nyingi, kwa sharti kwamba mgonjwa hana historia ya kuanguka.

Kama mnaishi mbali na mtaalamu yeyote, fungeni safari moja ya siku kadhaa kwenda hospitali yenye idara ya fiziotherapia, mpimwe na kufundishwa, ndipo simu ichukue nafasi, kwa makubaliano ya wazi ya lini mtarudi kupimwa tena.

Kama kinachobaki ni mkono na vidole vimeanza kufunguka, ulizeni kuhusu tiba ya glavu kabla ya kulipia roboti. Mkono ambao haujafunguka hata kidogo haufai kwa tiba hiyo, na mtaalamu mkweli atawaambia.

Kama mgonjwa hawezi kusema, apewe namna ya kukubali na kukataa kwa kichwa au kwa kufinya kiganja, aulizwe kila siku mpya, na jibu lake liheshimiwe hata pale kipindi kilipokwisha kulipiwa.

Na kama mpo tayari ndani ya kifurushi, ombeni malengo yaandikwe kwa vitendo vinavyoonekana, kwa mfano kunyanyuka kitini mara tano bila kushika, au kutembea kutoka chumbani hadi choo cha uani, pamoja na tarehe ya kupima, wiki 4 au 6 mbele. Tarehe ikifika na kipimo hakijasogea, mtaalamu anapaswa kubadilisha mpango au kuwaelekeza kwingine, na kituo kiseme mapema, kwa maandishi, kama fedha ya vipindi vilivyobaki itarudishwa.